Samaki aliyekufa kwenye kibandiko cha dawa: maswali na majibu

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, maswali ya dawa na maji huja kwa wingi. Nimechagua sita. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Shikamoo. Chupa ya dawa ya mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi, niliyonunua ina mchoro wa mti mkavu na samaki aliyekufa. Muuzaji kaniambia hiyo inawahusu watu wa pwani. Je, ni kweli? (Mkulima, kando ya Ziwa Kitere)

Marahaba. Si kweli, na wewe uliye jirani na ziwa ndiye hasa unayeambiwa. Mchoro ule, uliomo ndani ya mraba mwekundu uliosimama kwa pembe, unatokana na mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kupanga kemikali kwa madhara yake, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Wataalamu huwaweka samaki kwenye matangi yenye viwango tofauti vya kemikali kwa saa 96, kisha wanatafuta kiwango kinachoua nusu yao. Kikiwa miligramu 1 kwa lita ya maji au chini ya hapo, kemikali inaingia daraja la kwanza, ambalo ndilo kali kuliko yote.

Sasa angalia dawa yako. Nyingi za mbu wa mikorosho zina kiuadudu kiitwacho lambda-sihalothrini. Kwa samaki wepesi kudhurika, kiwango chake cha kuua nusu ni takriban mikrogramu 0.2 kwa lita, yaani mara elfu kadhaa chini ya mpaka wa daraja la kwanza. Chukua kizibo kimoja, mililita 10, cha dawa yenye gramu 50 za kiuadudu kwa lita. Humo mna nusu gramu. Kwa hesabu, nusu gramu hiyo inatosha kufikisha kiwango hicho kwenye lita zaidi ya milioni 2, sawa na bwawa la nusu eka lenye kina cha mita moja. Ziwani sehemu ya dawa hunasa kwenye tope na kupungua makali, lakini hesabu inakuonyesha kwa nini bomba la kupulizia halisuuzwi ukingoni.

Chupa ikiisha isuuze mara tatu, na kila suuzo limimine ndani ya bomba ukapulizie shambani. Kisha itoboe, isije ikageuzwa chombo cha maji au mafuta ya kula. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Mita hizo ziheshimu hata kama hakuna anayekuona.

Maji ya kiwandani yanapita kwenye mfereji hadi kwenye mikoko yetu. Miaka yote hatujaona samaki akielea. Si ina maana maji ni salama? (Mvuvi, Mikindani)

Hapana, ndugu yangu, na ningependa jibu hili ulifikishe kwa wenzako pale mnapoanikia nyavu. Samaki anayeelea ni ushahidi wa mwisho kufika. Ndiyo maana kemikali haipimwi kwa samaki peke yake. Kwanza hupimwa kwa mwani, yale majani madogo ya majini, kwa saa 72, waone kama unaendelea kukua. Kisha kwa kidudu kidogo cha majini kiitwacho dafnia, kwa saa 48, waone kama bado kinaogelea. Ndipo samaki, saa 96. Kati ya majibu hayo matatu, linalochukuliwa ni la yule aliyedhurika kwa kiwango kidogo kuliko wote, na mara nyingi huyo si samaki.

Kamba na kaa kimaumbile ni ndugu wa wadudu. Dawa iliyotengenezwa kuharibu mishipa ya fahamu ya mdudu haibagui. Ikimfikia kamba inamfanyia vilevile. Na mikokoni ndiko wanakokulia kamba wadogo na vifaranga vya samaki wengi mnaowavua wakiwa wakubwa. Kamba mchanga ukubwa wake ni kama punje ya mchele. Akifa haelei mkamwona. Anazama kwenye tope au analiwa. Mtakachokiona ni akina mama wa kutanda, wanaovua kwa nguo kwenye maji ya kina kifupi, wakirudi na ndoo nyepesi, mwaka huu kidogo, mwakani zaidi, na kila mtu atakuwa na sababu yake: upepo, mwezi, nyavu za watu wengine.

Sisemi kiwanda hicho kina hatia. Nasema kutoona samaki waliokufa hakumsafishi mtu. Ombeni kupitia serikali ya mtaa maji ya mfereji yapimwe pale yanapotoka, kabla bahari haijayachanganya, na yapimwe maji yakiwa yametoka, si bamvua likiwa limejaa.

Salfa tunayopuliza inatanda mpaka juu ya kisima na bwawa la samaki. Watakufa? (Masasi)

Kwa salfa, usiwahofie sana samaki. Sumu yake kwao ni ndogo sana, haikaribiani na ile ya dawa za maji za kuua wadudu. Shida yake iko kwingine: inawasha macho na kifua, na ikirundikana miaka mingi, bakteria wa udongo huigeuza kuwa asidi, ardhi ikachacha. Kisima kifunikeni, puliza alfajiri upepo ukiwa umetulia.

Utupa ni majani tu, wazee walivulia. Kwa nini leo tunakamatwa wakati si kemikali? (Kijana, kando ya Mto Lukuledi)

Ni kemikali, ila imetengenezwa na mmea. Ndani ya utupa mna sumu za jamii ya rotenoni. Zinaingia kwa samaki kupitia matamvua na kuzizuia chembe za mwili zisitumie oksijeni, hivyo samaki anakosa pumzi katikati ya maji yenye hewa tele. Ni kweli kwamba jua na maji ya moto huivunja haraka, na hilo ndilo linaloitofautisha na sumu zinazokaa miaka kwenye tope. Lakini kwa muda iliopo inaua mkubwa na kifaranga bila kuchagua. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na haiulizi kama imetoka dukani au porini.

Tunabangua korosho kikundini. Maganda yana mafuta yanayounguza mikono. Tunaweza kuyatupa korongoni? (Mama, Newala)

Hapana, mama. Mafuta hayo yana asidi ya anakadi kwa wingi, ndiyo inayowababua, na inajulikana pia kuua konokono wa majini. Mvua ya kwanza italisafisha korongo na kuyapeleka bondeni. Yaweke maganda pakavu chini ya paa. Viwanda vya korosho huyachoma kwenye matanuri yao, na mafuta yake hununuliwa kutengenezea rangi na breki za magari. Huenda mnatupa fedha.

Vipimo vya sumu ya kemikali hufanywa kwa samaki wa Ulaya kwenye maji baridi. Vinatufaa sisi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Lindi)

Umeuliza swali ambalo ningetamani waulize wanaoidhinisha miradi. Trauti, samaki wa maji baridi, hupimwa kwenye maji ya nyuzi kumi na kitu. Bahari ya Lindi inafika 28 na zaidi, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Wataalamu wanajua pengo hilo, kwa hiyo hugawanya. Wakiwa na vipimo vitatu tu vya muda mfupi, huchukua kile kikali zaidi na kukigawanya kwa 1,000. Kama ni miligramu 2 kwa lita, kikomo cha mtoni kinakuwa 0.002. Kwa bahari, yenye viumbe wengi wa aina ambazo hazikupimwa, hugawanya kwa 10,000. Kisha wanakisia kiasi kitakachofika majini. Kikizidi kikomo, kuna hatari ya kushughulikiwa.

Huangaliwa pia kama kemikali inaozeshwa na bakteria ndani ya siku 28, na kama inajilimbikiza kwenye mafuta ya samaki. Isiyooza na inayojilimbikiza, mimi naiogopa kuliko inayoua papo hapo, maana inapanda kutoka dagaa hadi nguru hadi sahani yako. Ukisoma waraka wa usalama wa kemikali, nenda sehemu ya 12. Yote haya yamo humo. Palipoandikwa hakuna taarifa, usisome hakuna madhara.

Na kwa wote waliouliza la kufanya samaki wakifa: msiwale wala kuwauza. Andikeni saa. Wakifa alfajiri, wakubwa wakitangulia, huenda ni kukosa oksijeni. Wakianza wadogo, na kamba pamoja nao, shukuni dawa. Jazeni maji kwenye chupa safi ya kioo hadi juu, ifungeni, iwekeni kwenye barafu, kisha mwiteni afisa uvuvi na Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini siku hiyohiyo.