Vitawi vya mibuni kukauka

Ndugu, kama vitawi vya robusta vinakauka ncha kwanza na vina kitobo kidogo upande wa chini, huyo ni Xylosandrus compactus, mbawakawa mdogo anayetoboa vitawi. Pasua kitawi kimoja kwa wembe. Jike ni mweusi wa kung'aa, kibonge, hafiki hata milimita 2. Ukimtazama kutoka juu, kichwa hukioni, kimefichwa chini ya kifua. Dume ni mdogo zaidi, wa hudhurungi, wala haruki. Hawali mti: chakula chao ni kuvu anayopanda jike mwenyewe humo ndani, na dawa ya kupuliza kwa nje huwafikia kwa shida. Kata chini ya kitobo, kisha uchome siku hiyohiyo. Tafadhali usiviache shambani, majike watatoka na kuhamia mibuni mingine.