Ukianza kusoma Bizanti, anza na sarafu yake

Wadogo zangu mnaoanza kusomea historia mwaka huu, mtakapofika kwenye Dola ya Bizanti, yaani Dola ya Rumi ya mashariki, mtavutwa moja kwa moja na 1453: mizinga ya Sultan Mehmed wa Pili wa Waturuki Waosmani, kuta kubomoka, mji mkuu Konstantinopoli (Istanbul ya leo) kuanguka. Nami nilianzia hapo. Kwenye insha yangu ya kwanza nilijaza kurasa nne za mizinga, mhadhiri akaniuliza jambo moja tu: mji uliowahi kutawala kutoka Hispania hadi mpaka wa Uajemi ulifikaje mahali pa kulindwa na watu 7,000 hivi? Nilinyamaza. Leo nafundisha, na wanafunzi wangu nawaanzisha na sarafu.

Jina kwanza. Wenyewe walijiita Warumi, na Waarabu wakawaita Rum, hao hao wa Surat Ar-Rum. Jina la Bizanti lilienezwa na wasomi wa Ulaya, dola yenyewe ikiwa imeshakufa.

Sarafu yao ya dhahabu ilianzishwa na Kaisari Constantine Mkuu: sarafu 72 kwa ratili moja ya Kirumi, karibu karati 24 kamili, yaani dhahabu tupu. Ilidumu hivyo kwa takriban miaka 700. Kabla ya kusoma vita vyovyote, jiulize dhahabu hiyo ilitoka wapi. Sehemu kubwa ilikuwa kodi ya ardhi, na waliolipa ni wakulima wa vijijini, ambao wengi wao ndio waliotoa askari. Kaisari Basil wa Pili alilielewa hili vizuri. Mwaka 996 alitunga sheria ya kuwarudishia wanyonge mashamba yaliyoporwa na vigogo, kisha akawabana vigogo hao wawalipie kodi majirani walioshindwa. Alikufa 1025 akiacha hazina imejaa. Miaka michache tu baadaye, Kaisari Romanos wa Tatu akaifuta kodi hiyo ya vigogo. Mimi naliona kaburi la dola likianza kuchimbwa hapo, zaidi ya miaka 400 kabla ya mizinga.

Sarafu ikaanza kuchakachuliwa. Chini ya Constantine wa Tisa ilishuka hadi karati 18 hivi. Kufikia Nikephoros wa Tatu dhahabu ilikuwa imebaki kama theluthi.

Sasa vita vya Manzikert, 1071, dhidi ya Waturuki wa Seljuk. Nisikilizeni hapa, maana kila mwaka nasahihisha kosa lile lile. Jeshi halikuteketea lote siku ile. Kaisari Romanos wa Nne alitekwa, na sultani wa Seljuk, Alp Arslan, akamwachia arudi kwake. Waliomtoboa macho ni Warumi wenzake. Kisha kwa miaka kumi majenerali waligombea kiti, na baadhi yao wakawakodi Waturuki na kuwaingiza wenyewe katika miji ya Anatolia, Uturuki ya leo. Kwa hiyo ukiandika 1071, andika na 1081 pembeni yake.

Alexios Komnenos ndiye aliyekamata kiti mwaka huo, na mwaka 1092 akatoa sarafu mpya ya karati 20 na nusu. Lakini kabla ya hapo, akihitaji merikebu za kupigana na Wanormani waliovamia kutoka kusini mwa Italia, aliwasamehe wafanyabiashara wa mji wa Venice, Italia, ushuru wa asilimia 10. Msimhukumu haraka, adui alikuwa mlangoni. Ila fuateni fedha: 1204 Venice hao hao walikuwa kwenye jeshi la msalaba lililoupora mji. Ulipokombolewa 1261, biashara haikurudi mikononi mwa Warumi. Katikati ya karne ya 14 mwandishi Nikephoros Gregoras anasema forodha ya Wagenoa, wafanyabiashara wa Genoa ya Italia, pale Galata iliingiza sarafu 200,000 kwa mwaka, na ya Konstantinopoli ng'ambo ya maji 30,000. Vito vya taji viliwekwa rehani Venice mwaka 1343. Kwenye sherehe ya kumtawaza Kaisari John Kantakouzenos, 1347, taji lilipambwa kwa vioo na wageni wakalishwa kwenye vyombo vya bati na udongo.

Kwa hiyo kwenye daftari lako, kando ya kila kaisari andika karati za sarafu yake na nani alikuwa analipa kodi. Mwaka wa 1453 uweke ukurasa wa mwisho. Ukiufikia utakuta dhahabu imekwisha kabisa: Constantine wa Kumi na Moja anachukua vyombo vya fedha vya makanisa, vinayeyushwa, vinafuliwa visarafu vidogo vya kuwalipa walinzi wa ukuta.