Maswali yenu: Wakutubi wa Kiyahudi na vitabu vilivyopotelewa na wenyewe

Nilipotaja hivi karibuni, kwa kupita tu, kazi ya wakutubi wa Kiyahudi, maswali yalimiminika. Leo nayajibu matano.

Mkutubi wa Kiyahudi ni nani hasa? Lazima awe Myahudi mwenyewe? (Msomaji, Dodoma)

Ni yule anayetunza vitabu vya Kiyahudi, iwe kwenye sinagogi, shuleni, chuo kikuu au katika idara maalumu ya maktaba kubwa. Maktaba ya umma ya New York ina idara ya namna hiyo tangu 1897. Wale wa masinagogi na shule mara nyingi hufanya kazi peke yao, hawana wa kumuuliza neno linapowatatiza. Ndiyo maana wenzao wa Marekani waliunganisha vyama viwili katikati ya miaka ya 1960 wakapata chama kimoja.

Dini si sharti. Ninayemheshimu kuliko wengi ni Derviš Korkut, Mwislamu wa Bosnia, mkutubi wa makumbusho ya Sarajevo. Mwaka 1942 jemadari wa Kijerumani alikwenda kuitaka Hagada ya Sarajevo, kitabu cha Pasaka ya Kiyahudi kilichoandikwa kwa mkono huko Hispania karne ya 14. Korkut alikitorosha. Kitabu kipo Sarajevo hadi leo.

Kuorodhesha kitabu cha Kiebrania kuna ugumu gani? Kitabu si kitabu tu? (Msomaji, Mombasa)

Anza na jina la mtunzi. Yule mwanachuoni aliyefariki Misri mwaka 1204, Waarabu humwita Musa bin Maimun, Wazungu Maimonides, na Wayahudi wenyewe Rambam, kwa kufupisha jina lake refu. Msomaji akija na jina moja kati ya hayo, lazima avikute vitabu vyote. Na baadhi ya vitabu hivyo aliviandika kwa Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania. Wewe wa Mombasa hilo halikushangazi, maana wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Kisha kuna mwaka. Tuseme ukurasa wa jina una herufi nne: tav, shin, kaf, vav. Anayejua hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ina thamani ya namba, atazisoma mara moja: 400, 300, 20, 6, jumla 726. Elfu tano huachwa, kwa hiyo ni mwaka 5726 wa kalenda yao. Toa 3760 upate 1966. Ila mwaka wao huanza Septemba au Oktoba, hivyo huenda kitabu kilichapwa mwishoni mwa 1965. Wachapaji wengine waliuficha mwaka ndani ya aya ya maandiko, herufi za kuhesabiwa zikachapwa kubwa kidogo kuliko nyingine. Mkutubi asiyeangalia vizuri hupita bila kuuona.

Sisi kurasa za msahafu zilizochakaa hazitupwi ovyo. Wao hufanyaje? (Msomaji, Lamu)

Wanafanana nanyi sana. Maandishi yenye jina la Mungu huwekwa mahali panapoitwa geniza, kisha huzikwa makaburini. Sinagogi ya Ben Ezra, Cairo ya zamani, iliweka bila kuzika kwa karne nyingi, na mwishoni mwa 1896 Solomon Schechter alipoingia chumba kile alikuta lundo la karatasi. Vipande zaidi ya 190,000 sasa viko Cambridge. Humo mmetoka hata barua za wafanyabiashara waliosafiri kati ya Misri, Aden na India. Kwa hiyo mkutubi wa sinagogi anapopunguza vitabu kwenye rafu hakimbilii jalala. Huuliza kwanza.

Vitabu vya Wayahudi waliouawa na Wanazi vilikwenda wapi? (Msomaji, Kampala)

Swali hili ndilo lililonifanya nitake kuandika safu nzima.

Wanazi hawakuchoma kila kitu. Waliiba mamilioni ya vitabu ili wawachunguze watu waliokuwa wakiwaua. Vita vilipokwisha, Wamarekani walikusanya sehemu kubwa katika ghala la ghorofa tano mjini Offenbach, Ujerumani, kando ya mto Main. Wachambuzi wengi hawakujua Kiebrania. Kapteni Isaac Bencowitz akabuni njia: mihuri na lebo za wamiliki zikapigwa picha, na kila mchambuzi akapewa chache za kukariri. Kitabu kikipita mezani na muhuri wake, anakitoa. Hebu fikiria: mtu hawezi kusoma neno hata moja, lakini anautambua muhuri wa maktaba ya mji ambao watu wake hawapo tena.

Vyenye pa kurudi vilirudishwa. Vya YIVO, taasisi ya utafiti wa Kiyahudi iliyokuwa Vilna (leo Vilnius, Lithuania), vilipelekwa New York mwaka 1947. Lakini vingi havikuwa na mwenyewe aliye hai. Likaundwa shirika la kuvigawa, mwanafalsafa Hannah Arendt akawa katibu mtendaji wake, na takriban vitabu nusu milioni vikaenda hasa Israel na Marekani, vikiwa na lebo ndogo ya shirika hilo. Mkutubi anayefungua jalada leo akaikuta ile lebo huwa ameshika mali ya mtu fulani. Wapo wanaoendelea kutafuta warithi, na maktaba kadhaa za Ujerumani zinakagua rafu zao kitabu kwa kitabu. Kurudisha hata kimoja kwa mjukuu, kwangu, kunastahili miezi ya kazi.

Nimenunua kitabu cha zamani cha Kiebrania kwenye gulio la mitumba. Kina muhuri. Nifanye nini? (Msomaji, Hamburg)

Usiufute, usibandue chochote, wala usikipeleke kujaladiwa upya, kwa sababu alama nyingi hupotea pale pale. Piga picha muhuri, ukurasa wa jina, na ndani ya majalada yote mawili. Kumbuka kuwa mwanzo wa kitabu uko upande unaouona wewe kuwa mwisho. Kama kuna jina la penseli, hata limefifia, lipige picha kwa mwanga wa pembeni. Kisha ziandikie maktaba za hapo Ujerumani zinazochunguza vitabu vilivyoporwa. Kiweke pakavu mpaka wakujibu.