Pedali za kunasa: maswali yenu kuhusu springi, kliti na magoti

Nilisimama ghafla, mguu ukagoma kuchomoka, nikaanguka na baiskeli. Nirudie pedali za kawaida?

Pole sana. Usizirudie bado, legeza kwanza springi ya pedali inayoshika kliti, yaani kile kipande kinachofungwa chini ya soli ya kiatu. Kwenye pedali za SPD (aina ya kunasa ya Shimano) kuna skurubu ndogo yenye alama za kujumlisha na kutoa. Izungushe kuelekea alama ya kutoa, tiki moja moja huku ukizihesabu. Pedali zinazonasa pande mbili zina skurubu mbili kila moja, na wengi hulegeza upande mmoja wakasahau wa pili. Zote nne zilingane. Kisha egemea ukuta ujizoeze kupeleka kisigino nje hadi mguu uzoee wenyewe. Na uchomoe mguu baiskeli ikiwa bado inatembea.

Tangu nifunge kliti mpya, goti linauma. Nimekosea wapi?

Swali hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote, kwa sababu goti halina spea. Kliti hushikilia wayo pale ulipoifunga, na kosa dogo hurudiwa maelfu ya mara katika safari moja.

Vaa kiatu, papasa kifundo cha mfupa nyuma ya kidole gumba na kile cha nyuma ya kidole cha mwisho, uweke alama ubavuni mwa kiatu. Katikati ya kliti ikae baina ya alama hizo mbili. Vidole vikifa ganzi, irudishe nyuma kidogo. Kuhusu pembe, kaa ukingoni mwa meza miguu ikining'inia, uangalie vidole vinaelekea wapi vyenyewe. Kliti ifuate mguu wako, hata kama wa kulia na wa kushoto haifanani.

Chora mpaka wa kliti kwa kalamu kabla ya kuisogeza, na usizidishe milimita 1 au 2 kwa mara moja. Kama unatumia SPD-SL (aina ya Shimano ya baiskeli za barabarani, yenye kliti za plastiki), rangi ya kliti ina maana: njano huruhusu mguu kucheza nyuzi 6 za pembe, bluu 2, nyekundu haichezi kabisa. Mwenye goti linalolalamika aanze na njano. Likivimba, acha kuendesha umwone daktari.

Pedali inalia kila ninapokanyaga.

Mara nyingi beringi zinasingiziwa. Fungua kliti, safisha, paka grisi kwenye nyuzi za skurubu, ukaze kwa Nm 5 hadi 6 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Bado inalia? Toa pedali yenyewe, uipake grisi pia. Kumbuka ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Ukiilazimisha kama ya kulia unaikaza zaidi. Shika hivi: mpini wa spana ukiwa umesimama juu, kuuvuta kuelekea gurudumu la nyuma hufungua pande zote mbili. Ikiwa ekseli inacheza ukiitikisa kwa mkono, hapo ndipo beringi zina kesi.

Kliti hubadilishwa lini?

Mguu ukianza kuchomoka wenyewe unapovuta kwa nguvu, au ukiyumba kuliko zamani. Za plastiki hulika zaidi kwa kutembea kuliko kwa kuendesha. Badilisha zote mbili pamoja.

Matundu ya skurubu za kliti yamejaa tope gumu, ufunguo hauingii.

Lichokoe kwa msumari mwembamba hadi ufunguo ufike chini kabisa. Ukiuzungusha umeingia nusu, utaviringisha pembe za tundu, na skurubu hiyo itabidi itobolewe kwa drili.