Uji moto kwenye kikombe cha plastiki ukiwa mjamzito

Umeuliza kama kemikali za kikombe cha plastiki chenye uji moto zinaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Ndiyo dada, zinaweza kumfikia. Kondo la nyuma halizizuii zote. BPA, kemikali ya plastiki ngumu, hujifanya estrojeni (homoni ya kike) mwilini, na thaleti, zile za kulainisha plastiki na kushikilia manukato ya losheni, huvuruga homoni za kiume. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo nyeti zaidi kwa sababu viungo vinaumbwa, na wengi wakati huo hata hawajajua wana mimba. Si uvumi: wajawazito Marekani walipewa dawa ya DES, estrojeni ya maabara, mpaka 1971 ilipogundulika baadhi ya mabinti zao wanapata saratani adimu ya uke wakiwa bado wasichana. Lakini ile ilikuwa dozi ya daktari, si kikombe kimoja cha uji wa stejini, kwa hivyo usikose usingizi. Kinachotoa kemikali ni joto na mafuta. Beba kikombe chako cha bati, na chipsi moto waambie wakuwekee kwenye sahani. Hata ile lebo ya “haina BPA” usiiamini sana, mara nyingi wameweka BPS, ndugu yake wa damu.