Miiko ya Kuchongwa kwa Mkono: Itumike au Ihifadhiwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka 3 nimekuwa nikikusanya miiko na pawa zilizochongwa kwa mkono na mafundi wa karakana ndogo. Naogopa kuzitumia zisije zikaharibika, na bado sijui kuitambua kazi iliyo bora. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuutazama urembo wa mwiko, zifuate kwa jicho nyuzi za mti kutoka kwenye mpini hadi sehemu ya kuchotea. Zikipita shingoni bila kukatika, mwiko utahimili kazi. Zikiikata shingo kwa mshazari, hapo ndipo utakapovunjikia, hata kama mti wenyewe ni mgumu. Ndiyo maana wapo mafundi wanaotafuta tawi lililopinda lenyewe, wakachonga upawa ambao nyuzi zake zinaufuata mpindo huo. Mimi huithamini kazi ya namna hiyo kuliko nakshi nyingi zilizotiwa juu ya mti uliokatwa vibaya. Alama ndogo za kisu nazo zisikutie shaka, kwa kuwa uso uliokatwa kwa kisu kikali mara nyingi hubaki laini hata ukilowa, ilhali uliosuguliwa kwa msasa huweza kuinua vinyuzi.

Kuhusu matumizi, nakusihi uvitumie vyombo vyako, isipokuwa vyenye nyufa au vile ambavyo fundi mwenyewe alivikusudia kuwa vya kutazamwa tu, kwani uzito na mshiko wa mwiko hujulikana vizuri ukiwa ndani ya sufuria. Vioshe kwa mkono bila kuviloweka, kisha vikauke taratibu mbali na jua na moto. Mti hupoteza maji upesi zaidi kwenye ncha zake, na ncha ikisinyaa kabla ya sehemu nyingine, hupasuka. Vipake mafuta safi ya mbegu za kitani, yasiyochanganywa na kemikali za kuharakisha ukaukaji, kwa sababu hayo huganda ndani ya mti, tofauti na mafuta ya zeituni ambayo hayakauki na huweza kuchacha. Kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikikunje wala kukirundika, maana huzalisha joto chenyewe hadi kuwaka. Kitandaze nje kikauke.

Jina la fundi, aina ya mti na mwaka wa kununua viandike sasa, ungali unavikumbuka. Ukiona alama ya fundi imechomwa au kuchongwa kwenye mpini, usiisugue kwa msasa, hata kama sehemu hiyo imechakaa.