Mali kauli haikopeshwi

Mmeuliza wiki hii: "Ni kanuni gani moja iliyokusimamisha katika biashara na maisha?" Najua wengi watajibu bidii, nidhamu na kumtanguliza Mungu. Sipingi. Ila mwaka 2018 nilikuwa nazo zote tatu, na bado nusura nifunge duka.

Niko Tandahimba, mkoani Mtwara, nauza mchele, sukari, sabuni, betri na vikorokoro vya shule. Kanuni yangu ni hii: kitu ninachodaiwa, sikikopeshi. Mzigo niliochukua mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baadaye, kwa tajiri wa jumla kule Mtwara mjini unatoka dukani kwa taslimu tu, hata aje mama mkwe. Cha kukopesha ni kile nilichokwisha kukilipia.

Msiokaa huku mnaweza kuona ni jambo dogo. Huku hela ina msimu. Korosho zinaokotwa kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi, mkulima anapeleka magunia chama cha msingi cha ushirika, yanaingia ghalani, yanasubiri mnada, ndipo hela iingie akaunti. Ikishaliwa, miezi yote iliyobaki watu wanaishi kwa sentensi moja: "Niandikie, nitalipa msimu." Mwenye duka asiyeandika atauza chumvi na kiberiti basi. Kwa hiyo msinishauri niache kukopesha.

Msimu wa kabla ya 2018 kilo ya korosho ilikuwa imefika shilingi 4,000 mnadani. Mwaka 2018 basi kila mtu alikopa kwa kichwa cha 4,000, na mimi niliandika kwa kichwa hicho hicho. Daftari la kwanza lilijaa kabla ya Septemba, nikafungua la pili. Mchele wenyewe haukuwa wangu, nilikuwa nimeuchukua mali kauli. Minada ikaanza, wanunuzi wakataja bei za chini, wakulima wakagoma kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kilo kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Tukashangilia kweli. Lakini kabla ya kulipwa kulikuwa na uhakiki: una shamba, liko wapi, hizi korosho ni zako au za kangomba? (Kangomba ni kununua korosho za mkulima kwa bei ya njaa, mara nyingi zikiwa bado mtini, na kumpimia kwa bakuli linalomeza zaidi ya kilo.) Uhakiki ukachukua muda wake.

Tajiri wangu wa mjini hakuwa na habari na uhakiki. Alipiga simu asubuhi, akapiga jioni. Mwishowe niliuza cherehani ya mke wangu, ile ya miguu, nikampelekea hela kwa mkono wangu mwenyewe. Mke wangu hakusema kitu, na heri angesema.

Wadeni wangu hawakuwa wabaya. Mzee mmoja alikuja mvua zikiwa zimeshakolea, kavaa kanzu yake ya Ijumaa, hela kaifunga kwenye leso. "Mwanangu, soma nilivyokula." Nikasoma mstari kwa mstari, akalipa mpaka shilingi ya mwisho. Alikuwa ametimiza ahadi yake. Aliyekosea ni mimi, niliyempa mali ya mtu mwingine kwa subira ambayo mwenye mali hakuwa nayo.

Tangu hapo nimeihamishia kanuni hii hata nyumbani. Kukiwa na unyago wa mtoto wa ndugu, wakipitisha karatasi ya michango, siandiki kiasi kwa kutegemea hela ninayodai. Naandika iliyo mfukoni. Shemeji zangu wananiita bahili. Sawa, lakini hakuna anayenifuata baadaye kunikumbusha ahadi.

Dukani nimegawa rafu mbili. Kushoto ni mali iliyolipiwa. Kulia ni mali kauli, na nimeifunga kamba nyekundu ili hata kijana wangu wa dukani asijisahau. Juzi jirani alikuja na kikapu, akachungulia, akanyoosha kidole kulia.

"Niandikie kilo tano za mchele ule, naona ndio mzuri."

"Ni mzuri, mama, ila ule ni wa taslimu. Wa kuandika ni huu wa kushoto."

Akaguna, akauchambua wa kushoto kwenye kiganja, akatoa chuya moja, akaniwekea juu ya meza.

"Andika kilo tatu."